Piko ya Ijumaa, malengelenge ya Jumatatu: kisa cha mpambe wa Tandika

Msimu wa harusi ukianza hapa Dar, zahanati tunawapata sana hawa watu wa malengelenge, na karibu wote wanakuja na mshtakiwa ambaye siye. Huyu nimemchagua kwa sababu ngozi yake yenyewe ilitoa ushahidi, huhitaji kubishana na mtu. Vitu vichache nimebadilisha asijulikane, na mwenyewe karidhia niandike.

Ni binti wa miaka 26, mpambe kwenye sendofu ya binamu yake. Ijumaa jioni wakachorwa wasichana wanne kwa mchoraji mmoja, mikono mpaka karibu na kiwiko, miguu kuanzia vidoleni mpaka juu ya kifundo. Staili ile ya kwetu, mistari ya maua inapigwa kwa piko nyeusi halafu ndani ya ua inajazwa hina nyekundu. Jumamosi sendofu, kacheza mpaka MC anafunga, hana shida yoyote. Amerudi nyumbani kalala ndo miguu ikaanza kuwasha kidogo, akajua ni viatu. Jumapili mchana miguu imevimba, jioni mikono nayo ikafuata, na Jumatatu asubuhi anaingia zahanati na shangazi yake kavaa ndala za mjomba maana zake hazimwingii tena. Wenzake watatu waliochorwa naye siku ile ile, kwa piko ile ile, hakuna hata mmoja aliyejikuna.

Sasa uangalie ule mkono kwa karibu. Kila mstari mweusi umeinuka, yaani ukifumba macho ukapitisha kidole unaweza kulifuata ua lote mpaka mwisho wa shina. Juu ya mstari kuna malengelenge madogo madogo yamepangana, mengine yameshaungana limekuwa lengelenge moja refu, maji yake ya njano mepesi, hayanuki. Katikati ya ua, pale palipojazwa hina nyekundu, ngozi imetulia kabisa. Na usisubiri kuona wekundu ule wa picha za vitabuni, kwa ngozi yake ilikuwa weusi uliokolea unaoelekea zambarau, joto, na kung'aa kwa sababu ya uvimbe. Nikamgusa kwapani kulia, kuna mtoki, anasema unauma ukibonyeza. Kinenani nako hivyo hivyo pande zote mbili.

Shangazi mtu hata salamu hazijaisha vizuri keshasema, "Dokta, huyu kala kamba pale ukumbini, na marehemu bibi yake kamba zilikuwa zinamdhuru." Jirani kasema ni nairobi flai. Kwenye duka la dawa walikopita Jumapili wakaambiwa ni mkanda wa jeshi unaanza, wakapewa piriton na sindano moja. Na kuna wifi kasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto alipendeza kupita kiasi, watu wana macho yao. Piko hakuna aliyeitaja, na sababu nzuri wanayo, piko ilipakwa Ijumaa na Jumamosi nzima alikuwa mzima. Nani atamshitaki wa juzi wakati wa jana yupo?

Kamba tunamtoa haraka. Aleji ya chakula ya kweli huja ndani ya dakika chache mpaka saa mbili hivi, inaleta mabaka ya kuvimba yanayohamahama, yanatokea hapa yanapotea yanaibuka kwingine, mara nyingi kwa siku moja yameshafutika. Haichori maua. Mkanda wa jeshi unashika upande mmoja wa mwili, unafuata njia ya neva, na mara nyingi unauma na kuunguza kabla hata lengelenge halijatoka, huyu yuko mikono yote na miguu yote. Nairobi flai ndo mshukiwa wa maana kidogo kwa sababu sumu yake nayo inachelewa, ukimpondea kwenye ngozi lengelenge la mstari linatokea kesho yake au keshokutwa, ila mdudu gani huyo atembee juu ya wino mweusi tu aruke kila palipo na wekundu? Kuungua kwa kemikali nako nimekufikiria, lakini kuungua kunachoma mapema, dakika au saa, na mtu analalamika maumivu kuliko kuwashwa. Huyu alikuwa anajikuna mpaka anatia huruma.

Kwa hiyo nikamuuliza swali ninalowauliza wote, piko ulishawahi kuchorwa kabla? Akasema ndiyo, miaka 3 nyuma, harusi ya dada yake, miguuni tu. Ilikuwaje? Haikuwa kitu dokta, ilipokaribia kufutika baada ya kama siku 10 ikawasha kidogo ikaacha. Nikamwambia shangazi kesi imekwisha, hiyo ndiyo siku aliyoipata aleji ya piko, hii ya sasa ni marudio tu.

Hapa ndo penye utamu, maana swali la msingi siyo kilichomdhuru, ni kwa nini kilichelewa, na kucheleweshwa kwenyewe ni safari. Kuna seli zinatakiwa zitoke sehemu moja ya mwili zifike nyingine, na anayeziita ni ngozi, kwa kemikali.

Tuanze na piko. Hina ya kweli ni jani, rangi yake inatoka chungwa inakwenda kahawia, na inataka saa nyingi. Nyeusi ya piko inatokana na rangi ya kupaka nywele, na ndani yake kuna kitu kinaitwa parafenilinidayamini, kwa kifupi PPD. Ni molekuli ndogo mno, uzito wake dalton 108 tu (dalton ni kipimo cha uzito wa molekuli), na ngozi yetu kwa makadirio ya wataalamu inazuia vizuri vitu vya kuanzia dalton 500 kwenda juu, kwa hiyo hii inapenya bila hodi. Ulaya rangi ya nywele mwisho ni asilimia 2 ya PPD ikishachanganywa, na kuipaka ngozini kama mchoro hairuhusiwi. Michoro nyeusi imepimwa huko nje ikakutwa na zaidi ya asilimia 15. Tena ya nywele unaosha baada ya nusu saa, ya piko unalala nayo.

Ikishaingia, PPD inageuka kwa hewa na kunasa kwenye protini za ngozi, na protini iliyobadilishwa sura mwili unaiona ngeni. Hapo hapo seli za ngozi ya juu, keratinosaiti, zinakereka na kuanza kutoa kemikali za tahadhari. Watu wanadhani keratinosaiti ni ukuta tu wa kuzuia vumbi, kumbe ndo mlinzi na ndo mpiga simu. Katikati yao kuna seli zenye mikono mirefu, seli za Langerhans, zilionekana mara ya kwanza mwaka 1868 na Paul Langerhans akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin, miaka 21, na akadhani ni za neva. Siyo za neva, kazi yake ni kunusanusa kinachoingia. Seli hizi pamoja na ndugu zake wa ngozi ya chini zinabeba ile protini, zinalegeza vishikizo vyake kwa majirani, halafu zinaotesha kipokezi kinachoitwa CCR7.

CCR7 kinatambua kemikali inayoitwa CCL21, ambayo inatolewa na mishipa ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwili kwenye damu kupitia tezi. Kemikali za aina hii zinaitwa kemokini, binadamu anazo karibu 50, ni protini ndogo kazi yake kubwa ni kuelekeza seli zitembee wapi. CCL21 haielei ovyo, inanata kwenye sukari za pembeni ya mishipa, inakuwa nyingi karibu na mshipa na inapungua kadiri unavyoenda mbali. Seli inafanya unachofanya wewe ukishuka daladala una njaa na huoni banda la mishikaki liko wapi, unafuata harufu inapozidi. Tofauti kati ya mbele na nyuma ya seli inaweza kuwa asilimia 1 au 2 tu na bado ikajua pa kwenda. Inaingia kwenye mshipa wa limfu, inapanda mpaka kwenye tezi za kinena kama ilitoka mguuni, kwapani kama ilitoka mkononi. Ule mtoki niliougusa ndo penyewe.

Miaka 3 iliyopita safari hii ilifanyika kwa mara ya kwanza. Kwenye tezi kulikuwa na seli T, askari wa kinga ya mwili, chache mno ambazo kwa bahati tu zilizaliwa na uwezo wa kuitambua ile protini yenye PPD, zikaoneshwa, zikaanza kugawanyika, na kazi hiyo inachukua kama siku 10 mpaka 14. Ndo maana mchoro wake wa kwanza uliwasha ulipokuwa unafutika, jeshi lilikuwa limekamilika na masalia ya piko bado yapo. Wengi hawafikii hata dalili hiyo, na wanajua wako salama.

Swali zuri alilouliza shangazi, na nilifurahi sana, ni mbona hakuharisha, kama kinga ya mwili mzima imechafuka si tumbo nalo lingeguswa? Jibu ni kwamba zile seli T zikiwa bado kwenye tezi zinafundishwa makazi. Zilizofundishwa na seli zilizotoka utumbo zinapewa kipokezi CCR9, na kinachochangia kuwapa ni vitamini A iliyochakatwa utumboni. Zilizofundishwa na seli zilizotoka ngozi zinapewa vishikizo vya mishipa ya ngozi pamoja na vipokezi CCR4 na CCR10. Na kuna utafiti wa mwaka 2007 ulionesha kwamba vitamini D, hii tunayotengeneza kwa jua, ikishaamshwa na seli za kinga inazisukuma seli T kuotesha CCR10. Yaani ngozi inatumia kitu kinachotengenezwa ngozini kuwatia alama askari wake, mimi hiki kipande huwa kinanipendeza kila nikikifikiria. Upande wa pili keratinosaiti zenyewe zinatoa CCL27, ambayo ndiyo mwito wa CCR10, kidogo siku zote, na nyingi ngozi ikichafuka. Utumbo hautoi hiyo. Kwa hiyo seli za huyu binti hata zikipita kwenye damu ya tumboni hazina pa kushukia.

Basi zikabaki miaka 3. Nyingine zinazunguka kwenye damu na ngozi, nyingine hazikuondoka kabisa pale zilipopigana, zikaweka makazi kwenye ngozi ya miguu. Ngozi ya mtu mzima mwenye afya ina seli T zinazokadiriwa bilioni 20, karibu mara 2 ya zilizoko kwenye damu yote, kwa hiyo huo siyo uwanja mtupu. Hapo ndipo linapokaa jibu la kwa nini ilianza miguuni. Piko ilipakwa mikono na miguu jioni moja, lakini miguuni walinzi walikuwa tayari mlangoni, wakaanza Jumamosi usiku, mikononi ikabidi waitwe kutoka kwenye damu, wakafika Jumapili. Mimi kwenye kesi hii hicho ndicho kilichonishika kuliko yote, kwa sababu mgonjwa alikuwa anakitaja kama kitu kidogo cha pembeni, "ilianza miguuni si unajua viatu virefu".

Kuitwa kwenyewe kunakwenda hivi. Seli chache za mwanzo zikiitambua PPD zinatoa kemikali inaitwa intaferoni gama. Keratinosaiti zikiipata zinafyatua kemokini CXCL10 na wenzake, na seli T zenye kipokezi CXCR3 zinavutwa. Zikifika nazo zinatoa intaferoni, keratinosaiti zinafyatua zaidi, wanakuja wengine, ni mduara unaojichochea. Kuta za vimishipa vya damu chini ya mstari zinaotesha vishikizo, seli iliyokuwa inapita kwa kasi inapunguza, inabiringika ukutani, inakutana na kemokini nyingine, CCL17, iliyobandikwa hapo, inakaza, inasimama, inajipenyeza kati ya seli mbili za mshipa na kutoka. Foleni yote hii kutoka mwito wa kwanza mpaka umati umejaa inataka kama saa 48 mpaka 72. Hesabu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi.

Na kichekesho ni kwamba wengi waliofika hawaijui PPD kabisa. Wamesikia mwito tu wakaja, na wakifika wanaongeza fujo. Wachache wanaoijua ndo walioanzisha.

Malengelenge yanatoka wapi? Seli T zinaziharibu keratinosaiti na kulegeza viungio kati yao, maji ya damu yanavuja kwenye zile nafasi, nafasi zinaungana, unapata lengelenge. Yale maji siyo usaha na wala hayaambukizi, nilimwambia shangazi wazi maana walishamtengea taulo, sahani na kitanda. Na kwa nini yanafuata mstari? Kwa sababu PPD iko chini ya mstari, na kemokini zinanata karibu na zilipotolewa, hazisambai mkono mzima. Kile kipande cha hina nyekundu katikati ya ua kimepumzika kwa sababu hakikuwa na wa kupiga simu. Kufikia Jumatano pembeni ya mistari milimita kadhaa nako kukawa kumeanza kuvimba, na kipindi hicho ungemuona ungepata shida kutofautisha, kwa hiyo kama umechorwa na umeanza kuwashwa piga picha mapema kabla ua halijapoteza sura.

Turudi kwenye ile piriton. Ilimlaza, haikumtoa muwasho, na haikuwa na sababu ya kuutoa, kwa sababu piriton inazuia histamini, kemikali ya muwasho wa aleji za haraka, na histamini siyo inayoendesha hii shughuli. Ni dawa nzuri kwa yule wa kamba. Sindano ilimpa nafuu ya usiku mmoja, nadhani ilikuwa ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga na uvimbe, karatasi hawakuandika.

Nilichompa ni steroidi kali ya kupaka mikononi na miguuni, vitambaa vya maji ya baridi kwa ajili ya malengelenge, na kwa kuwa eneo lilikuwa kubwa na viganja vimevimba hashiki hata kikombe, prednisolone ya vidonge kwa wiki 2 huku tunapunguza taratibu. Antibayotiki hakupewa, shangazi hakupenda. Steroidi inafanya kazi hapa hapa tulipokuwa tunaongea, inaingia kwenye keratinosaiti na kuzima utengenezaji wa zile kemokini, na inapunguza vishikizo kwenye mishipa, mwito unakatika. Lakini waliokwishafika hawaondoki siku hiyo. Ndo maana mtu akimeza siku 3 akajiona mzima akaacha, inarudi wiki inayofuata kwa hasira, anasema dawa feki. Dawa siyo feki, umeinyamazisha simu kabla watu hawajatawanyika. Na hao wa kumbukumbu hawaondoki kabisa, hakuna krimu ya kuwatoa.

Hapo hapo nikaongea naye kuhusu zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila kona, zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibayotiki kwenye tyubu moja. Alikuwa nayo kwenye pochi. Nyingi zina neomaisini, na neomaisini yenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyoongoza kuleta aleji ya kugusa, kwa hiyo unaweza kuwa unazima moto huu na unawasha mwingine, na steroidi iliyo ndani inaficha mpaka uache kupaka. Hiyo ni mada yake peke yake, na ukitia na mkorogo humo tutakesha.

Kipimo cha kuthibitisha kipo, cha kubandika mgongoni, kilianza na Josef Jadassohn mwaka 1895 na hakijabadilika sana. Wanaweka PPD asilimia 1 kwenye vaselini, inakaa saa 48, wanasoma inapotolewa na wanasoma tena siku mbili baadaye, kwa sababu ile ile ya safari. Kwa mtu aliyelipuka hivi wanaanza na kiwango kidogo zaidi. Asikifanye akiwa kwenye prednisolone, kinaweza kutoka safi na kumdanganya. Nilimwandikia rufaa ya kliniki ya ngozi, ila nikamwambia hata kabla ya kipimo aishi kama mtu ambaye jibu analo.

Kuishi hivyo maana yake nini? Rangi nyeusi ya nywele basi, na hili lina uzito kuliko piko, kwa sababu leo ana miaka 26 hajali ila mvi zitakuja, na mtu mwenye kumbukumbu hii akipaka kichwani uso mzima unaweza kuvimba macho yasifunguke. Anayesuka au kupaka wengine rangi aanze kwa glavu. Kwenye jino aseme ana aleji ya PPD wasimpake ganzi ya benzokaini, sindano ya kawaida ya lignokaini haina ugomvi naye. Nguo za rangi nyeusi na bluu ya giza zinazochuja zinaweza kumwasha, afue kwanza kabla ya kuvaa.

Alirudi baada ya wiki 3. Uvimbe umeisha, mtoki umeisha, lakini maua yamebaki, sasa meupe. Pale seli za rangi zilipoguswa na vita ngozi imepungua weusi, mistari ile ile na majani yale yale. Kwa wengi rangi inarudi kwa miezi, wengine inachukua muda zaidi. Akakasirika kuliko alipokuwa na malengelenge, na namwelewa.

Shangazi akaenda mwenyewe kwa mchoraji, siyo kwa ugomvi, akamuuliza unatia nini. Mchoraji akamwonesha pakiti ya unga wa nywele bila kuficha, anachanganya na maji kidogo, na vidole vyake mwenyewe vimepasuka pembeni mwa kucha, anasema ni sabuni. Anachora mikono mitupu kila wikiendi. Nimemtumia salamu aje.

Binti anaolewa mwenyewe Desemba na swali lake la mwisho lilikuwa kama anaweza kuchorwa piko kidogo tu, mkono mmoja, mstari mwembamba. Hapana dada'angu. Hina nyekundu ya majani iliyotwangwa nyumbani, au unga ambao mpakaji anafungua pakiti mbele yako na imeandikwa majani tu, hiyo chora mpaka mabegani. Ikiwa nyeusi ndani ya nusu saa, inuka uende ukanawe.